Kujigamba au Kujisema? Uhakiki wa Kivugo kama Nyenzo ya Mtoto Kuutambua na Kuuthamini Uwezo Wake

Ikisiri

Mitaala mipya ya Afrika Mashariki inamtaka mwalimu amsaidie mtoto kuutambua uwezo wake na kujiamini. Makala haya yanahakiki nyenzo ambazo fasihi na lugha ya Kiswahili zinampa mwalimu huyo. Yanadai kwamba sehemu kubwa ya fasihi inayomlenga mtoto humweka katika nafasi ya msikilizaji wa wasia, na kwamba msamiati wa Kiswahili humshuku mtu anayejisema. Utanzu mmoja unaompa mtoto nafasi ya kunena, yaani kivugo, umefundishwa kwa jina la majigambo na kwa orodha ya sifa za kukariri. Kwa kurejelea mapokeo ya eneo la Maziwa Makuu, makala yanaonyesha kwamba kivugo kina masharti matatu yanayokitenga na majivuno: tendo, shahidi na nasaba. Yanapendekeza istilahi hizo mbili zitenganishwe na utanzu huu ufundishwe kwa utendaji.

1. Utangulizi

Katika miaka 10 hivi iliyopita, nchi kadhaa za Afrika Mashariki zimeiacha mitaala iliyojikita katika maudhui na kushika ile inayojikita katika umilisi. Rwanda ilianza kuutekeleza mtaala wake mwaka 2016. Kenya ilitoa mwongozo wa mtaala wake mwaka 2017, na Uganda ikaanza kutumia mtaala mpya wa sekondari ya ngazi ya chini mwaka 2020. Mwongozo wa Kenya unataja umilisi saba wa msingi. Mmojawapo ni imani ya mwanafunzi kwamba anao uwezo wa kutenda jambo na kulifanikisha.

Dhana hiyo inatokana na saikolojia, hususan kazi ya Albert Bandura (1977). Bandura alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa na mambo manne: mafanikio aliyoyapata mwenyewe, mifano ya wenzake anaowaona wakifanikiwa, maneno ya watu wanaomtia moyo, na hali ya mwili na hisia zake. La kwanza ndilo lenye nguvu zaidi. Kwa hiyo mtoto haamini kwamba anaweza kwa sababu tu ameambiwa hivyo. Huamini hasa kwa sababu amewahi kuweza.

Dhana ikishaingia katika mtaala, hudai lugha. Mwalimu anatakiwa kuandika katika ripoti ya mwanafunzi jambo ambalo mwanafunzi huyo analimudu, lakini maneno yaliyozoeleka katika ripoti zetu ni machache na hayana sura: “vizuri”, “jitahidi”, “ongeza bidii”. Mwanafunzi naye, akiombwa asimame aeleze anachokiweza, mara nyingi hutaja jina lake, umri wake na kazi anayotaka kuifanya ukubwani. Hutaja alivyo na atakavyokuwa, akaliruka lile alilokwisha kulitenda. Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, fasihi ya Kiswahili inampa mtoto namna ya kulisema hilo bila kuonekana mwenye majivuno?

2. Mtoto kama msikilizaji

Fasihi andishi ya Kiswahili imemkumbuka mtoto tangu zamani. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Karibu karne moja baadaye, Shaaban Robert aliwatungia wanawe Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili. Tungo hizi ni hazina, na upendo ulio ndani yake hauna shaka. Mzazi anayeketi kumtungia mwanawe mamia ya mistari tayari amemthamini.

Hata hivyo, mhakiki akiuliza ni nani anayenena katika tungo hizo, jibu ni lilelile: mkubwa. Mtoto hutajwa, huitwa, huonywa na kuombewa dua, lakini hajibu. Uwezo wake hutazamwa kama jambo la kesho, litakalopatikana iwapo ataushika wasia. Mkondo huu umeendelea katika vitabu vingi vya hadithi za watoto, ambamo mtoto mkaidi hupatwa na mabaya kisha hutubu, na mtoto mtiifu hupewa zawadi. Katika hali zote mbili tathmini hutoka nje. Mtoto huambiwa alivyo. Ni nadra kupewa nafasi ya kusema mwenyewe.

Haimaanishi kwamba wasia uachwe. Wasia humpa mtoto kipimo cha mema, na mtu asiye na kipimo hawezi kujua kama alichokitenda ni chema. Dosari ni ya mizani: mapokeo ya kumwambia mtoto yamehifadhiwa, yamechapishwa na kutahiniwa, ilhali mapokeo ya mtoto kunena yameachwa pembezoni.

3. Kiambishi -ji- na hofu ya kujisema

Msamiati wenyewe unachangia hali hii. Kiswahili hutumia kiambishi rejeshi -ji- kuonyesha kwamba tendo linamrudia mtendaji. Vitenzi vinavyohusu nafsi vikipangwa kwa makundi, mwelekeo fulani hujitokeza. Vile vinavyotaja kazi na juhudi husifiwa: kujitegemea, kujituma, kujitolea, kujifunza. Vile vinavyotaja mtu kujitazama au kujinena hulaumiwa: kujiona, kujisikia, kujidai, kujinata, kujikweza, kujisifu, kujigamba. Mzungumzaji anaposema “yule anajiona”, hana haja ya kuongeza neno. Lawama imekwisha kukamilika. Kitenzi ambacho kwa maana yake ya juujuu kingeweza kuwa msingi wa kujijua kimegeuka kuwa jina la kiburi.

Lugha hiyohiyo, hata hivyo, humlaumu pia mtu asiyejijua. Kumwambia mtu kwamba hajitambui ni tusi zito katika mazungumzo ya siku hizi. Kujitambua, kujithamini na kujiamini ni sifa njema, lakini zote tatu ni sifa za kimya. Hukaa moyoni na hazihitaji kutamkwa. Kujieleza ni tendo la kunena na linasifiwa, ila linahusu uwazi wa maelezo kuliko thamani ya anayeeleza. Pengo lililobaki ni la kitenzi kinachomruhusu mtu kuitamka thamani yake mbele ya wengine bila kuhukumiwa.

Methali huongeza uzito upande huohuo. “Chema chajiuza, kibaya chajitembeza” humfunza mtoto anyamaze na kungoja kuonekana. “Mgema akisifiwa tembo hulitia maji” hutumiwa na wazazi kama sababu ya kubana sifa. Lakini methali hii ya pili inastahili kusomwa kwa makini zaidi. Anayesifiwa ndani yake ni mgema, na kinachoharibika ni tembo. Sifa imeiacha kazi ikamwendea mtu. Methali haisemi kwamba tembo zuri lisisifiwe. Inaonya juu ya sifa iliyokosea njia.

Usomaji huu unaafikiana na utafiti wa kisaikolojia. Claudia Mueller na Carol Dweck (1998) walibainisha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walivunjika moyo zaidi kuliko waliosifiwa kwa juhudi zao. Eddie Brummelman na wenzake (2014) wakaonyesha kwamba sifa zilizotiwa chumvi huweza kumfanya mtoto asiyejithamini akwepe majaribio magumu. Ndiye mtoto ambaye watu wazima huwa wepesi zaidi kummwagia sifa za namna hiyo. Kwa hiyo kumwambia kila mtoto kwamba ni bora na hodari hakulizibi pengo. Kinachotafutwa ni namna ya kunena iliyofungwa kwenye kazi.

4. Kivugo na masharti yake matatu

Namna hiyo ipo katika fasihi simulizi ya ukanda huu. Mulokozi (1989), katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, alikiweka kivugo katika kundi la maghani, kama utungo ambao mtu hujisifu mwenyewe. Neno lenyewe linafungamana na lugha za Maziwa Makuu. Katika Kinyarwanda utungo huu huitwa icyivugo, na katika Kinyankole ekyevugo. Kitenzi cha Kinyarwanda, kwivuga, kimeundwa kwa kirejeshi na kitenzi chenye maana ya kusema. Maana yake ya moja kwa moja ni kujisema. Kujivuna kuna maneno yake mengine katika lugha hiyo, kama kwirata na kwiyemera. Mnyarwanda anayejua lugha yake hamwiti mtu anayetamka icyivugo chake kuwa mwenye majivuno, kwa sababu lugha imekwisha kuyatenga mambo hayo mawili.

Kiswahili cha shuleni, kwa kulifanya neno majigambo kuwa kisawe cha kivugo, kimeyaunganisha tena. Mwanafunzi huanza somo akiwa tayari na hukumu: utanzu huu ni wa watu wanaojigamba, na kujigamba ni kubaya. Suala hili si la istilahi tu. Jina limeuvika utanzu lawama ambayo haikuwa yake.

Ni nini basi kinachokitenga kivugo na majivuno? Mapokeo ya Maziwa Makuu yanaonyesha masharti matatu.

Sharti la kwanza ni tendo. Vivugo vya Wahima wa Ankole, ambavyo H. F. Morris alivichapisha na kuvichambua mwaka 1964, vimejengwa juu ya matukio: mahali palipotokea jambo, kilichofanyika, na wale waliokuwapo. Mghani hujipa jina la sifa, lakini jina hilo husimama juu ya jambo alilolitenda. Chuku hutumika, na kwa wingi. Hata hivyo chuku ni pambo la tukio, na pambo huhitaji kitu cha kupambwa.

Sharti la pili ni shahidi. Kivugo hughanwa mbele ya watu, wakiwamo wanaomfahamu mghani. Hadhira hiyo huitikia, hushangilia na, kwa kuwapo kwake tu, humzuia kuzua. Kuwataja wenzake waliokuwa naye kunamaanisha pia kwamba sifa haikusanywi na mtu mmoja. Hapa methali nyingine ya Kiswahili inafaa kuliko ile ya chema kujiuza: “mcheza kwao hutuzwa”. Mcheza hakungoja aonekane. Alicheza, tena alicheza kwao, mbele ya wanaoujua mchezo.

Sharti la tatu ni nasaba. Mghani hujitaja kama mwana au mjukuu wa fulani, au mtu wa kundi fulani. Uwezo wake hauelezwi kama ajabu iliyozuka peke yake, bali kama sehemu ya mkondo aliourithi na anaopaswa kuuendeleza. Mtoto anayejua kwamba uvumilivu wake unafanana na wa bibi yake huuthamini uvumilivu huo kama dhamana, si kama pambo.

Kuna jambo la nne, lisilo sharti lakini lenye funzo kubwa kwa mwalimu. Katika Rwanda ya zamani, vijana waliokusanywa katika itorero walifunzwa kughani pamoja na kucheza na kutumia silaha, na vivugo virefu mara nyingine vilitungwa na washairi mahiri kwa niaba ya mashujaa. Kujisema, basi, hakukuwa kazi ya mtu kuachwa peke yake atafute maneno. Alisaidiwa. Hodari wa vita hakulazimika kuwa hodari wa maneno, na heshima yake haikupungua kwa kutungiwa.

Pwani nayo si ngeni kwa sauti hii. Mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo humwonyesha shujaa anayenena juu ya nafsi yake na ukoo wake bila kuomba radhi. Kwa hiyo hoja kwamba kivugo ni cha bara na hakina nafasi katika Kiswahili haina mashiko. Mapokeo ya pwani na ya bara yanakutana katika jambo hili, ingawa kila upande umelipa umbo lake.

5. Kivugo darasani

Utanzu wenye masharti kama hayo ungetarajiwa kuwa msaada mkubwa kwa mwalimu anayetakiwa kujenga hali ya kujiamini. Ufundishaji uliozoeleka, hata hivyo, umeukausha. Mwanafunzi hupewa fasili, kisha orodha: majigambo hutungwa na mwenye kujisifu, husemwa katika nafsi ya kwanza, huwa na chuku, fanani huweza kuvaa maleba na kubeba zana, na kwa kawaida hutungwa na wanaume. Hatimaye huulizwa ataje sifa tano. Anaweza kupata alama zote pasipo kuwahi kutamka sentensi moja juu ya jambo alilolifanya.

Kipengele cha wanaume kinahitaji kuhakikiwa zaidi. Kama maelezo ya historia, yaani kwamba vivugo vya vita vilighanwa na waliokwenda vitani, kina ukweli. Kama kanuni ya utanzu, kina madhara. Msichana anayekariri kwamba utungo wa kujisema ni wa wanaume anajifunza mambo mawili kwa pamoja: sifa ya utanzu, na mahali pake mwenyewe.

Tofauti kati ya majigambo na kivugo inaweza kuonyeshwa kwa mifano miwili iliyobuniwa kwa ajili ya uchambuzi huu. Wa kwanza ni wa aina inayosikika mara nyingi mtoto anapoambiwa ajisifu: “Mimi ni mwerevu, mimi ni hodari, hakuna anishindaye.” Wa pili ni wa msichana wa darasa la tano:

Ni mimi Mwokoa-vitabu!
Mvua ilipotoboa paa la darasa
nilivihamisha vitabu vyote kabla ya kengele;
Neema alishika mlango, nami nikashika taa.
Mjukuu wa mfinyanzi, sivunji nikibebacho.

Mfano wa kwanza hauna tukio, na kwa sababu hiyo hauwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Una ushindani tu: ili mnenaji awe juu, lazima wengine wawe chini. Siku atakaposhindwa, utungo wote utaanguka. Mfano wa pili una tendo dogo lakini kamili. Una shahidi, Neema, ambaye anaweza kusimama na kuthibitisha, na ambaye sifa yake haijaporwa. Una nasaba inayougeuza uangalifu wa mikono kuwa urithi. Zaidi ya hayo, jina la sifa limezaliwa na tendo, na hakuna mwanafunzi mwenzake anayedunishwa ili jina hilo lisimame. Kesho msichana huyo akifeli hisabati, bado atakuwa Mwokoa-vitabu.

Mfano huu unaonyesha pia kwamba kivugo hakihitaji vita wala ng’ombe walioporwa. Kumbembeleza mdogo wake alale, kurudisha chenji iliyozidi, kumaliza mbio akiwa wa mwisho bila kuacha njiani: yote ni matendo yanayoweza kubeba jina. Kazi ya mwalimu ni kuuliza maswali matatu: ulifanya nini, nani alikuona, na ulijifunza kwa nani? Maswali haya hayahitaji kitabu kipya wala fedha.

6. Mipaka na tahadhari

Mapendekezo haya yana mipaka. Kwanza, vivugo vya kale vilitumikia tawala na vita, na baadhi vilisifu uporaji na mauaji. Kuvirudisha darasani kama vilivyokuwa hakufai. Kinachorithiwa ni muundo. Maudhui yachaguliwe upya.

Pili, darasa lina watoto wapole wasiopenda kusimama mbele ya watu. Kumlazimisha mtoto kama huyo aghani ni kumwadhibu kwa jina la kumjenga. Hapa mapokeo ya kutungiwa yana faida: mwenzake anaweza kumtungia, naye akasikiliza akitajwa kwa jambo alilolitenda kweli.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, yupo mtoto ambaye hakuna aliyeona tendo lake. Anayekuja na njaa, anayelea wadogo zake kabla ya kuja shuleni, anayeshindwa kusoma kwa sababu macho yake ni mabovu. Huyu anaweza kuonekana hana la kujisemea. Kivugo kinachohitaji shahidi kitamwacha nje ikiwa mashahidi hawatazami. Desturi ya empaako ya Watooro na Wanyoro wa Uganda, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2013 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, inatoa funzo katika jambo hili. Mtoto anapopewa jina la upendo na heshima, shangazi zake wa kuumeni kwanza humpokea na kumtazama kwa makini, wakitafuta anafanana na nani katika jamaa, ndipo jina litangazwe. Kumtazama kunatangulia kumwita. Mwalimu asiyemtazama mtoto hataweza kumsaidia kujisema, hata akiwa na mtaala bora kiasi gani.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mtaala unaomtaka mtoto ajiamini unakutana na fasihi inayomzoeza kusikiliza na msamiati unaomtia hofu ya kunena. Kivugo kinaweza kuziba pengo hilo, kwa kuwa kinamruhusu mtu ajiseme huku kikimfunga kwa tendo, shahidi na nasaba. Ili kifanye kazi hiyo, mambo matatu yanapendekezwa. Waandishi wa vitabu vya kiada wayatenge maneno kivugo na majigambo: la kwanza liwe jina la utanzu, na la pili libaki na maana yake ya kawaida ya kujitapa. Watahini wapunguze maswali ya kuorodhesha sifa na waongeze kazi ya kutunga na kughani. Nao wakufunzi wa walimu wawazoeze wanafunzi wao kuandika ripoti zinazotaja tendo badala ya kumpachika mtoto sifa ya jumla.

Wasia wa wazazi utaendelea kuwa na nafasi yake, nao mtoto ataendelea kuuhitaji. Lakini mtoto aliyesikiliza kwa muda mrefu anastahili zamu yake ya kunena, na watu wazima wanastahili kuzoea kumsikiliza.